Jibu: Kupiga mpira wa kingo tatu kwa hesabu ya almasi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini katika biliadi mpira mweupe hukosa lengo ingawa hesabu yako ya kingo tatu, yaani ya kuugusisha mpira kingo tatu za meza kwa kufuata almasi (alama zilizo kwenye mbao za kingo), ni sahihi. Ukianzia kwenye kona, penye namba 5, na kutaka kufika almasi ya 3 ya ukingo wa tatu, unatoa 3 katika 5, kisha unalenga almasi ya 2 ya ukingo mrefu ulio mkabala, ukihesabu kutoka kona ya mbali. Wengi hulenga mdomo wa raba ya ukingo, ilhali mstari hupita hadi kwenye alama yenyewe, juu ya mbao. Pia mfumo huu unadai uupige mpira uzunguke kwa upande ule unakoelekea baada ya kugonga ukingo. Bila mzunguko huo, hesabu haisimami. Kitambaa kipya cha meza, kwa utelezi wake, huupeleka mpira mbali zaidi, kwa hiyo piga kwanza mmoja wa majaribio.