Bora wa wakati wote futiboli ya Marekani: mimi namweka Lawrence Taylor juu ya Brady

Mkuu mleta mada, hoja yako nimeielewa. Umesema Tom Brady ndiye mchezaji bora kuwahi kutokea kwa sababu ana pete 7 za Super Bowl, fainali ya ligi ambayo mabingwa wake hupewa pete, na anayebisha alete mwenye pete nyingi zaidi. Waliokujibu wakaja na Joe Montana, Peyton Manning na Patrick Mahomes. Yaani uzi mzima ni makotabeki, wale wanaopewa mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuurusha. Mimi sikubaliani na pande zote mbili.

Kwanza niseme mchezo huu nautazamia wapi. Naishi Texas, na Ijumaa usiku za vuli huwa napanda juu kabisa ya jukwaa la uwanja wa shule anayosoma kijana wangu, nawarekodia makocha mechi. Agizo lao ni moja: usiufuate mpira. Kamera iwe pana, wachezaji wote 22 waonekane tangu wanapojipanga mpaka filimbi. Runinga hufanya kinyume. Inamganda kotabeki, inaufuata mpira hewani, kisha inarudi usoni kwake. Mtu akitazama hivyo miaka nenda rudi, lazima aamini kwamba mchezo ni wa mtu mmoja.

Kuna beki mmoja wa timu pinzani nilimwona kutoka kule juu, sitamsahau. Usiku mzima hakugusa mpira, wala hakumwangusha kotabeki wetu hata mara moja. Lakini kila tulipojipanga, mlinzi wetu wa pembeni, yule anayemkinga kotabeki, alianza kurudi nyuma kabla ya wakati, mkimbiaji wetu akasogezwa kwenda kumsaidia badala ya kutoka kupokea pasi, na kotabeki akaachia mpira kabla mwenzake hajafika anakotakiwa. Watu watatu wameharibiwa kazi na mtu ambaye jina lake halimo kwenye takwimu za mechi. Tulifungwa, na makocha walipokaa na video walirudia kumtazama huyohuyo.

Tangu hapo kipimo changu kimekuwa hiki: ni nani aliyewalazimisha wapinzani wabadili mchezo wao kwa sababu yupo?

Kwa kipimo hicho, Lawrence Taylor wa New York Giants hana mpinzani. Aliingia ligi 1981, akiwa chaguo la pili kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya. Mabeki wa nafasi yake walizoea kusubiri, kusoma shambulizi, kisha kurudi kulinda. Yeye alitoka pembeni mbio, mara nyingi upande ambao kotabeki wa mkono wa kulia ameupa mgongo. Timu nyingi zilikuwa zinampangia mkimbiaji amzuie, na mkimbiaji alikuwa anapitiwa kama hayupo. Joe Gibbs, kocha wa Washington aliyekutana naye kila msimu, akaamua kuongeza mchezaji mwingine mkubwa kwenye safu ili kumkabili, na mpangilio ule ukaenea ligi nzima. Timu zikaanza kutafuta walinzi wa kushoto wenye mwili mkubwa na miguu myepesi, na mishahara ya walinzi hao ikapanda mpaka ikawa miongoni mwa mikubwa kikosini. Nafasi nzima ya uwanjani imepata thamani kwa sababu ya mtu mmoja wa upande wa pili!

Mwaka 1986 aliwaangusha makotabeki mara 20.5 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Kabla yake beki aliyewahi kuipata tuzo hiyo ya waandishi wa Associated Press ni Alan Page, 1971. Baada yake hakuna. Maisha yake nje ya uwanja yalikuwa na madoa, alifungiwa 1988 kwa dawa za kulevya, na wanaomlaumu kwa hilo wana haki. Ninachopima hapa ni mchezo.

Sasa turudi kwenye pete. Super Bowl ya kwanza ilichezwa Januari 1967. Ukizifanya ndizo kipimo, umemfuta Jim Brown wa Cleveland, aliyeongoza ligi kwa yadi za kukimbia misimu 8 kati ya 9 aliyocheza, akacheza mechi 118 bila kukosa hata moja, akaacha mwenyewe akiwa na miaka 30. Ana ubingwa mmoja tu, wa 1964. Na kama ni kuhesabu ubingwa wa kila aina, basi kotabeki Otto Graham aliifikisha Cleveland fainali misimu yake yote 10 na akatwaa 7. Mbona hakuna aliyemtaja humu?

Halafu pete hizo za Brady zitazame kwa kamera pana. Februari 2015 dhidi ya Seattle, New England ya Brady wanaongoza 28-24, Seattle wako hatua moja tu kutoka mstari wa kufungia na muda umebaki chini ya nusu dakika. Malcolm Butler, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, akaruka mbele ya mpokeaji na kuudaka mpira. Brady yuko benchi anatazama. Miaka miwili baadaye Houston, dhidi ya Atlanta, ile mechi ya kutoka nyuma 28-3 mpaka kushinda 34-28: matokeo yakiwa bado 28-12, beki Dont'a Hightower alimfikia Matt Ryan, kotabeki wa Atlanta, na kuuchopoa mpira mkononi mwake. Bila mpira ule sijui tungekuwa tunazungumza nini leo. Na fainali mbili Brady alizofungwa na Giants, 17-14 na 21-17, aliwekewa presha na safu ya mbele iliyomnyima muda.

Simshushi. Mtu aliyechaguliwa wa 199 mwaka 2000, akahamia Tampa Bay na kutwaa taji akiwa na miaka 43, anastahili heshima yote. Kwangu ni wa nne.

Wa pili ni Jerry Rice, mpokeaji wa pasi. Yadi 22,895 za kupokea. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, ana 17,492. Mpokeaji akifikisha yadi 1,000 kwa msimu anasifiwa, kwa hiyo pengo lile peke yake ni misimu mitano mizuri ya mtu mwingine. Mwaka 1987 alipokea pasi 22 za tachidauni, yaani za kufunga, katika mechi 12. Na 2002, akiwa Oakland, msimu aliotimiza miaka 40, bado alipata zaidi ya yadi 1,200. Hakumtegemea kotabeki mmoja; alipokea kwa Montana, kwa Steve Young na kwa Rich Gannon.

Wa tatu ni Brown.

Nafasi ya tano ndiyo naweza kubishaniwa nikasikiliza. Wapo watakaomtaka Barry Sanders, na mimi mwenyewe nampenda kuliko mkimbiaji yeyote niliyemtazama kwenye mikanda. Ila namchukua beki Reggie White: alipokuwa Philadelphia aliwaangusha makotabeki mara 124 katika mechi 121, na mara nyingi alikuwa anakabwa na watu wawili.