Usimwage funza wakavu Aprili! (Jibu kwa mdau wa robini)

Mkuu, huo mfuko usiufungue kwanza. Umesema uko Leicester, Uingereza, umenunua kilo nzima ya funza wakavu (mabuu ya mbawakawa yaliyokaushwa, chakula cha ndege), na wiki hii ya Aprili unataka kuwajaza kwenye chombo cha kuning'iniza ili robini, wale ndege wadogo wa kifua chekundu, wazoee bustani yako. Halafu ukauliza habari za sanduku la kiota na kumlisha ndege mkononi. Hayo yangoje. Aprili robini wanaatamia au tayari wana vifaranga, na ni vibaya sana kumpa mzazi mwenye kifaranga funza mkavu asiyelowekwa.

Kifaranga hukaa kiotani kama wiki mbili, na muda wote huo hanywi maji, kwa sababu mzazi hamletei maji. Unyevu wake wote unatoka kwenye chakula: viwavi, buibui, nyungunyungu. Funza aliyekaushwa hana unyevu wa kumpa, na anaweza kumkwama kooni. Mzazi naye hachambui. Akikuta chakula cha bure karibu na kiota, atakibeba tangu alfajiri mpaka giza liingie. Wewe dirishani unafurahi kwamba ndege wanakuja kwa wingi, kumbe huko kichakani makinda yanakauka.

Wanaochapisha mifuko hiyo ndio waliotupoteza wengi, nami nimo. Mbele wameweka picha ya robini kifua chekundu na maneno makubwa ya "mwaka mzima". Suala la kuloweka limebanwa nyuma, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Ukimuuliza muuzaji, anakujibu kwamba ndege wanawapenda sana. Nani kasema hawawapendi?

Kama umeshanunua, loweka. Kijiko kimoja cha mezani kwenye kikombe, maji ya uvuguvugu yawafunike, dakika 30. Wataelea, kwa hiyo wakandamize kwa kisahani. Kisha mkunje mmoja: akipinda bila kukatika, yuko tayari; akivunjika "kachu", mrudishe majini. Chuja, utoe kiasi kitakachoisha upesi. Wanaobaki tupa siku hiyo hiyo, maana funza waliolowa huchacha haraka, na ndiyo sababu huloweki mfuko mzima kwa mkupuo.

Pesa ikiruhusu, nunua walio hai. (Wanaocheka kwamba watu wazima tunafuga funza ndani ya nyumba, chekeni, mke wangu aliwatangulia.) Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye kuta laini ili wasipande, pumba za ngano sentimita mbili tatu, na kipande cha karoti badala ya maji. Karoti uibadilishe kabla haijaota ukungu. Ndoo ikae mahali pa baridi, la sivyo watageuka mbawakawa kabla hujawamaliza.

Hata walio hai si mlo kamili. Wana kalisi kidogo, na kifaranga anajenga mifupa. Kijiko cha chai asubuhi na kingine jioni kinatosha jozi moja. Zaidi ya hapo wakajitafutie chini ya majani makavu, ambayo wewe usiyafagie. Tena usisubiri kundi. Robini hulinda eneo lake kwa ugomvi wa kweli, wakati mwingine mpaka kuuana.

Hicho chombo cha kuning'iniza waachie ndege wengine. Robini hupenda kuokota chini, kwa hiyo sahani pana juu ya tofali inatosha. Iwe kama mita mbili kutoka kichakani: karibu kiasi cha yeye kukimbilia, mbali kiasi cha paka kutomvizia. Ioshe kila wiki kwa maji ya moto na sabuni, ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mkate, maziwa na chochote chenye chumvi nyingi, hapana. Wakati wa baridi mpe jibini lisilo kali, lililokwaruzwa, au mafuta magumu ya ng'ombe.

Sanduku la kiota liwe wazi nusu ya mbele, si lile la tundu la duara, na lifichwe ndani ya mimea inayotambaa. Wadau wengine watakuongezea.

Kama mfuko umeshaukata na huwezi kuloweka sasa, funga mdomo vizuri, uweke pakavu mpaka Septemba. Na hiyo Septemba pia, loweka.