Maswali ya Wasomaji: Tone Lisilojali Mnato

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma uhandisi hapa Dodoma. Katika modeli yangu ya kompyuta, maji hukatika kuwa matone ndani ya mafuta, kwenye mfereji mwembamba wenye umbo la T. Nimeongeza mnato wa mafuta (yaani uzito wake wa kutiririka) maradufu, lakini urefu wa tone haukubadilika. Nimekosea wapi?

JIBU: Huenda hujakosea. Zidisha mnato wa mafuta kwa kasi yake, kisha gawanya kwa mvutano wa uso (nguvu inayoukaza mpaka) baina ya mafuta na maji. Jibu likiwa chini ya takriban 0.01, msuguano wa mafuta ni dhaifu mno kulikata tone. Badala yake, ncha ya maji huziba mfereji, shinikizo la mafuta hupanda nyuma yake, nayo mafuta huiminya shingo ya maji hadi ikatike. Ndiyo maana mtafiti Garstecki na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba urefu wa tone hutegemea hasa upana wa mfereji na uwiano wa mitiririko miwili, ya maji na ya mafuta, wala si mnato. Badili uwiano huo, urefu utabadilika. Ningekuwa wewe, ningekagua zaidi ukuta: modeli isipoutaja kuwa unapenda mafuta, maji huung'ang'ania na tone huharibika.