Mama kuumwa kichwa baada ya upasuaji wa mshipa wa shingo: usingoje Jumatatu

Dada, pole. Umesema mama alizibuliwa mshipa wa shingo upande wa kushoto, yuko nyumbani Donholm, na leo siku ya 5 kichwa kinamgonga upande uleule, presha 178/100. Kliniki ya Jumatatu ni mbali. Mpeleke kasualti leo hii, kabla jioni haijaleta foleni ya Jogoo Road.

Mshipa huo hupeleka damu kwenye ubongo. Ukiziba muda mrefu, vijishipa vya ubongo huzoea kukaa vimepanuka ili vipate damu ya kutosha. Njia ikifunguliwa, damu huja kwa kasi navyo vimesahau kujibana. Kwa wengi mtiririko huongezeka kiasi, kisha hutulia. Kwa wachache hupita maradufu ya ule wa awali. Hapo ubongo huweza kuvimba, hata kuvuja damu. Presha ya juu ndiyo kuni za moto huo.

Baba mkwe wangu alianza hivyo hivyo. Tukasema ni uchovu (sisi na ujuaji wetu!). Usiku mkono ukaanza kurukaruka. Alipona, ila baada ya siku kadhaa za ICU.

Beba barua ya hospitali na dawa zake zote. Usimwongezee za presha kwa kukisia, wala usikatize za kuzuia damu kuganda bila daktari. Akipata degedege, ulimi ukiwa mzito au upande ukilegea, ita ambulensi. Ukifika, taja upasuaji kwanza. "Kichwa kinauma" pekee kitawaweka kwenye benchi.