Mwenyekiti wa kijiji kijana: anza na daftari la mihutasari

Mdogo wangu, hongera sana. Umeuliza mwenyekiti mpya wa kijiji, mwenye miaka 26 na shamba la mahindi, afanye nini ili wazee wamsikilize na shamba lisife. Mimi nilichaguliwa Desemba 2014 huko Kilolo, Iringa, nikiwa rika lako, nalima mahindi na viazi, nikakaa mpaka uchaguzi wa 2019.

Wazee watakusikiliza wakiona hufichi kitu. Kabla hujaitisha kikao, mwombe mtendaji akutolee daftari la mihutasari, vitabu vya stakabadhi, taarifa ya benki na cheti cha ardhi ya kijiji. Soma yote, hasa mihutasari ya nyuma. Humo utakuta mashamba yaliyogawiwa na michango ya darasa ambalo hadi leo halijaezekwa. Mtendaji ni mwajiriwa, kesho anaweza kuhamishwa. Wewe unabaki hapo hapo, na watu watakuuliza wewe.

Ardhi ndiyo itakayokupima. Kwetu walikuwa wanakuja watu wa mjini kutafuta eneo la kupanda miti. Mmoja alifika nyumbani kwangu jioni na muhtasari uliokwisha kuchapwa, umeandikwa kwamba halmashauri ya kijiji imeridhia, kinachosubiriwa ni saini yangu na mhuri. Aliahidi madawati. Nikamwambia karibu mkutano mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iko wazi: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe kwanza, na mkutano huo ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Siku ya mkutano akina mama ndio waliouliza mpaka unapita wapi. Tukaenda kuukagua kwa miguu, kumbe bonde lenye chemchemi tunayochota wote limo ndani. Ombi likakataliwa, na hakuna aliyeweza kusema nimekataa kwa chuki zangu. Nakusihi, usisaini chochote nyumbani kwako, hata kama aliyekileta ni mjomba wako.

Mkutano mkuu uitishe kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, shilingi kwa shilingi. Wengine watakunong'oneza kwamba unawaamsha watu. Waache waamke! Kijiji ambacho hakijasomewa mapato hakichangii kwa moyo, na hapo hakuna zahanati itakayojengwa.

Kuhusu shamba: uenyekiti hauna mshahara, ni posho ndogo ikipatikana. Mikutano mizito iweke baada ya mavuno, Julai mpaka Septemba. Wakati wa palizi fanya vikao vya jioni, maana hata wajumbe wako wako shambani. Migogoro ya mipaka ipeleke baraza la ardhi la kijiji, lile la wajumbe saba ambao watatu ni wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha. Ukitaka kuamua kila ugomvi wa mpaka wewe mwenyewe, utamaliza msimu barazani.

Ujana wako utumie hapa: daftari la wakulima la mbolea ya ruzuku. Lihuishe mapema, kabla ya mvua. Waliobadilisha laini za simu na wajane ambao shamba lilisajiliwa kwa jina la marehemu ndio wanaokosa namba za kununulia. Wapitie kitongoji kwa kitongoji. Halafu kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, na haina riba. Vijana wengi wanaisikia redioni tu. Mlete afisa maendeleo ya jamii wa kata aseme nao ana kwa ana.

Sasa niambie, kijiji chenu kina mpango wa matumizi ya ardhi? Kama upo na mipaka imepimwa, niandikie mnapakana na nani, maana kwenye msitu wa hifadhi na kwenye kijiji jirani hatua za kufuata hazifanani.