Usiniulize Nilikunywa Nini

Jumapili iliyopita nilitoka soko la Kibuye, hapa Kisumu, na gorogoro mbili za mchele na omena wa mia tatu, nikatembea hadi nyumbani Manyatta. Kijana wa boda alinipigia honi mara mbili, nikampungia mkono aende zake. Nikapiga picha ya mfuko, nikaiweka kwenye status.

Basi jumbe zikaanza, maana wanajua nimetoka kemo, zile dawa za saratani. "Dada, hongera. Mama amemaliza kemo mwezi jana, hana nguvu kabisa. Ulikunywa nini cha kuongeza kinga?" Watu wanne, swali ni lile lile.

Nilikunywa uji wa wimbi.

Haya, nitasema ukweli wote: nilinunua pia unga wa mitishamba, 3,500 mkebe mmoja, kwa mtu aliyeniapia kwamba unaosha damu. Baada ya wiki tatu vipimo vya ini vikapanda. Daktari akaniuliza nakunywa nini kingine, nikadanganya. Akauliza tena, nikaangalia sakafu. Nilipouacha ini likatulia. Kwa hiyo mkinitumia picha za mikebe sijibu.

Lakini kilichokaribia kunimaliza si unga. Siku ya 10 baada ya dripu ya mwisho tulikuwa na matanga upande wa mume wangu. Nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba siku hizo ndizo seli nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, hushuka kabisa, nijiepushe na umati. Nikaenda, nikakaa pembeni, nikawa nasalimu kwa kupunga mkono. Wifi yangu akasema kwa sauti, hema zima lisikie: "Amepona juzi tu, tayari ana madharau." Niliinuka nikashika mikono yote, mmoja baada ya mwingine.

Sisemi mikono hiyo ndiyo iliyoniletea homa. Daktari alinieleza kwamba wakati huo hata bakteria wa tumboni mwako mwenyewe wanatosha kukuangusha. Ila aibu ile ndiyo iliyonifunga mdomo usiku nilipoanza kutetemeka. Na huku kwetu ziwani ukitetemeka kila mtu ni daktari: malaria hiyo. Nikameza panadol mbili, joto likashuka, tukalala. Alfajiri kipimajoto kilisoma 39.1. Nililazwa siku 5 kwa antibayotiki za dripu.

Kwa hiyo shikeni hili hata kama mengine mtayasahau. Nunua kipimajoto. Pima kabla ya kumeza panadol, maana panadol inaficha homa. Ikifika 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, na useme pale mlangoni kwamba umetoka kemo. Wakipima malaria sawa, lakini omba na kipimo cha hesabu kamili ya damu, waone seli nyeupe ziko ngapi. Na ulale ndani ya neti. Seli nyeupe nyingi hurudi baada ya wiki chache, lakini kinga nyingine huchukua miezi, kwa hiyo usione nywele zimeota ukadhani umemaliza. Chanjo yoyote, uliza daktari wako kwanza.

Nguvu je? Tembea. Siku ya kwanza nilifika kwa mama mboga, hatua kama 40, nikaketi kwenye ndoo yake aliyoipindua. Hakuniuliza kitu, aliendelea kukata sukuma. Kesho yake ndoo ilikuwa imeshapinduliwa, inaningoja. Uchovu wa kemo hauishi kwa kulala, mimi nililala mwezi mzima nikaamka nimechoka zaidi. Tembea kidogo, rudi, kesho tembea tena.

Na ule. Mayai yaliyoiva vizuri, ndengu, omena, maziwa yaliyochemshwa. Kama kila kitu kina ladha ya chuma, tumia kijiko cha mbao. Halafu tembea, nishasema.

Vidole vyangu bado vina ganzi. Kifungo cha juu cha blauzi binti yangu ndiye ananifungia, na mnaponiambia nimepona kabisa huwa natamani mngeona zoezi hilo la asubuhi.

Mchele wa Kibuye tuliupika jioni ile ile. Wifi alikuja, akala sahani mbili, akasifu omena. Mpaka leo hajaomba msamaha. Alipoaga akaninyooshea mkono, nami nikampungia.