Farasi wa sataranji anayekwama: penseli kwanza, kompyuta baadaye

Niliposikia mara ya kwanza habari za farasi anayekwama, nilikimbilia kompyuta. Programu ikatema namba, nami sikujua kama ni sahihi au takataka. Kwa hiyo ukitaka kuujaribu mchezo huu, anza na daftari la viboksi na penseli, na ufutio usiwe mbali.

Andika 1 katikati ya ukurasa, 2 kuliani kwake, 3 juu ya 2, 4 kushoto kwa 3, kisha zunguka hivyo hivyo kama gamba la konokono mpaka ufike 49. Farasi anaanzia kwenye 1. Anaruka kama kawaida yake, viboksi viwili mbele na kimoja pembeni, ila kila mara aende kwenye namba iliyo ndogo kuliko zote anazoweza kuzifikia, na alipokwisha kanyaga harudi tena. Akikosa pa kuruka, amekwama.

Utapata 1, 10, 3, 6, 9, 4, 7, 2, 5, 8, 11. Hebu zitazame: amemaliza zote kuanzia 1 hadi 11, hakubakiza hata moja. Hapo nikavimba kichwa, nikadhani ataufagia ubao mzima. Kutoka 11 nikampeleka 13. Kumbe 13 iko viboksi viwili juu ya 11, wima, bila kona yoyote. Alitakiwa kwenda 14. Nilijaza ukurasa mzima ndipo nikagundua.

Kinga yake ni rahisi, laiti ningeambiwa mapema. Namba zinazofuatana zinapakana, hivyo witiri zote ziko kwenye rangi moja ya ubao na shufwa kwenye rangi nyingine. Farasi hubadili rangi kila anaporuka. Basi orodha yako lazima iende witiri, shufwa, witiri, shufwa. Ukiona 11 inafuatwa na 13, futa.

Lakini kosa la kusahau kiboksi halinaswi hivyo: 24 badala ya 14 ingepita bila kelele. Hapo hakuna ujanja. Kagua viboksi vyote vinane kila anaporuka, hasa vya nyuma yake. Hivyo ndivyo jicho huvipita.

Sasa washa kompyuta. Ubao usiubane, mimi nilitumia 101 kwa 101, yaani viboksi 10,201. Ukihesabu 1 kuwa ya kwanza, farasi atakwama kwenye namba ya 2,016 ya orodha, akiwa amesimama juu ya 2,084, na vile vinane vyote vinavyomzunguka ameshavikanyaga. Linganisha na orodha A316667 katika OEIS, hazina ya mifuatano ya namba iliyotokana na kazi aliyoianza Neil Sloane mwaka 1964.

Mfalme wa sataranji, anayesogea kiboksi kimoja tu upande wowote, usihangaike naye. Kwa sheria hiyo hiyo atatembea 1, 2, 3, 4, wala hatakwama milele. Nilimjaribu, alipofika 30 nikafunga daftari.